Sura ya Sita: Boksi Lisilo na Matundu

Aliyewahi kupanda basi la alfajiri kwenda mikoani analijua boksi la vifaranga. Ni la katoni, lina matundu ya mviringo pande zote, ndani limegawanywa vyumba vinne, na kila chumba kina vifaranga 25. Linapiga kelele njia nzima. Utingo haliweki chini ya magunia, hulipandisha juu ya mizigo mingine, na abiria aliyekaa jirani nalo hulalamika kidogo kisha akalizoea. Hakuna anayeuliza ndani mna nini. Matundu yameshasema, na wenye boksi wenyewe hawajanyamaza tangu stendi.

Kifaranga anasafirishika hivi kwa sababu moja. Kabla hajatotolewa hukivuta tumboni mwake kiini cha yai kilichobaki, na akiba hiyo humtosha kwa siku mbili tatu bila chakula wala maji. Posta ya Marekani imekuwa ikisafirisha vifaranga wa siku moja tangu 1918 kwa kutegemea akiba hiyohiyo. Si wote wanaofika wazima, na wapo wanaoipinga desturi hiyo kwa hoja nzito. Hata hivyo inafanyika mchana kweupe: boksi limeandikwa lilichobeba, karani anajua anachopokea, na likichelewa njiani kuna mtu atakayelisikia.

Boksi la sura hii ni la namna nyingine. Halina matundu wala kelele, na maandishi yaliyo juu yake ni ya uongo. Ndani yake kuna mnyama wa kufugwa kwa burudani, ambaye mtu wa mbali amemtaka, mtu wa karibu amemkamata, na sheria imekataza asafiri.

Kati ya Agosti 2023 na Novemba 2024, mkazi mmoja wa New York alituma Hong Kong vifurushi vipatavyo 222. Kwenye karatasi za forodha aliandika, pamoja na uongo mwingine, kwamba ndani mna midoli ya wanyama ya plastiki. Humo mlikuwa na kobe hai wa misitu ya Marekani, wapatao 850 kwa jumla. Ni kobe wadogo wenye michirizi ya manjano na chungwa kwenye gamba, na wanasifika kwa jambo moja: gamba lao la tumboni lina bawaba, hivyo wakiogopa hujifunga kabisa, mbele na nyuma, kama kasha. Maofisa wa mpakani walipofungua vifurushi waliwakuta wamezungushiwa utepe wa gundi, kisha kila mmoja akatiwa kwenye soksi, na soksi ikapigwa fundo.

Tuitazame hiyo soksi kwa makini, maana kila kilichomo kina kazi yake. Utepe unazuia miguu isitoke, kwa sababu kucha za kobe zikikwaruza katoni zinasikika. Kitambaa kinameza kishindo mnyama anapojaribu kujigeuza. Fundo linamshika mahali pamoja ili uzito usihamehame mkononi mwa mpokeaji. Maji hayakuwekwa kwa sababu yangevuja, wala chakula, kwa sababu chakula huleta choo na choo huleta harufu. Matundu ya hewa nayo hayakutobolewa, maana nani ameona midoli ya plastiki ikitobolewa matundu?

Kwa hiyo ukimuuliza mtu kwa nini biashara hii ni ya kikatili, asikuambie tu kwamba wauzaji wana roho mbaya. Wapo wenye roho mbaya, na wapo wanaowapenda kobe kupindukia. Ukatili umo ndani ya njia yenyewe. Posta haipokei siri inayotembea, kwa hiyo mnyama lazima afanywe asitembee. Vitu vyote ambavyo vingemweka hai kwa raha ndivyo hivyohivyo ambavyo vingemfichua.

Mwaka 2017 huko California maofisa walikamata kifurushi kilichotoka Hong Kong. Ndani yake, kwenye makopo marefu ya krispi za viazi, mlikuwa na swila watatu wa ile aina kubwa ya Asia, kila mmoja na urefu wa kama futi mbili. Aliyekuwa akiwasubiri alieleza, kwa mujibu wa hati za mahakama, kwamba aliwahi kuletewa wengine 20 katika mizigo miwili iliyotangulia, na wote walifika wamekufa. Aliagiza tena. Siku ileile ya kukamatwa kwa mzigo wake, naye alikuwa ametuma kobe kwenda Hong Kong. Mwanadamu huyu alikuwa na vifurushi vinavyokwenda na vifurushi vinavyorudi, na katikati walikuwa wafanyakazi wa posta waliobeba nyoka wa sumu kali bila kujua. Hao hawatajwi sana. Tunapozungumzia maadili ya biashara hii macho yetu humwendea mnyama, na ni haki. Lakini yule anayepanga vifurushi zamu ya usiku, mshahara wenyewe ni wa kubangaiza, hakukubali kuweka mkono wake juu ya swila.

Miaka saba kabla ya hapo, California hiyohiyo ilikuwa imepata mzigo wa buibui. Machi 2010 ukaguzi wa kawaida uliibua kifurushi chenye buibui wakubwa wa manyoya wapatao 300, hai. Maofisa wakajifanya wateja, wakaagiza zaidi kwa muuzaji yuleyule aliyekuwa Ujerumani. Katika mzigo mwingine ulionaswa, buibui walikuwa wamesukumwa, mmoja mmoja, ndani ya mirija ya plastiki ya rangirangi, ile ya kunywea soda. Baadhi yao walikuwa wa aina ya Meksiko yenye magoti mekundu, inayolindwa na mkataba wa kimataifa. Muuzaji alikamatwa Desemba mwaka huo alipokuwa Los Angeles. Serikali ilikadiria kwamba alikuwa ameuza buibui wa thamani ya dola 300,000 hivi kwa wateja wa nchi nyingi. Hukumu yake ilikuwa muda aliokwisha kukaa rumande, miezi sita, na faini ya dola 4,000. Faini ya namna hiyo mfanyabiashara huiandika daftarini chini ya gharama za stempu.

Sasa tuje kwenye sheria, na tuanze na posta yenyewe kabla ya polisi. Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874 jijini Bern, una mkataba unaozifunga posta za karibu kila nchi. Mkataba huo unakataza wanyama hai ndani ya barua na vifurushi, kisha kwenye barua unatoa ruhusa kwa wachache: nyuki, ruba, viwavi wa hariri, wadudu wanaotumwa kati ya taasisi zinazotambuliwa ili wakaangamize wadudu waharibifu, na vinzi vya matunda kwa ajili ya utafiti wa tiba. Orodha hiyo hunifurahisha kila nikiisoma. Ni kama droo ya babu iliyobaki bila kupangwa upya: kuna ruba wa enzi za kuumikwa damu, na kuna vinzi vya maabara za leo. Lakini ina mantiki. Kila kiumbe kilichomo ni kidogo, kinajulikana, kina mpokeaji anayejulikana, na kimeandikwa.

Nchi zinaweza kuongeza masharti yao ya ndani. Marekani, kwa mfano, inaruhusu baadhi ya wanyama wadogo wa damu baridi wasio na madhara kusafiri kwa posta yake ya ndani, lakini nyoka na kobe hapana. Mtu akisikia kwamba rafiki yake wa Texas alitumiwa mjusi kwa posta na hakuna aliyemkamata, asikimbilie kudhani kwamba na yeye anaweza kumtuma kinyonga kutoka Tanga.

Kisha kuna ile karatasi ndogo inayobandikwa kwenye kifurushi cha nje ya nchi, inayouliza kilichomo, uzito wake na thamani yake, na kukutaka utie sahihi. Wengi huiona kama kero ya dirishani. Kisheria ni tamko. Ukiandika midoli wakati ni kobe, umeshatenda kosa la pili hata kabla hujaulizwa la kwanza, na mara nyingi la pili ndilo rahisi kuthibitisha. Mwendesha mashtaka hahitaji mtaalamu wa kobe kuonyesha kwamba kobe si plastiki. Ukiwa na mwenzako mliyepanga naye, linaongezeka kosa la kula njama. Na kwa kuwa malipo siku hizi hupita kwenye simu, kila muamala una tarehe, saa na jina.

Kesi iliyotufungua macho hapa kwetu Afrika Mashariki ilihusu sisimizi wa Kenya.

Mvua zikinyesha na ardhi ikalainika, sisimizi wavunaji wa Bonde la Ufa, aina ambayo wataalamu huiita Messor cephalotes, huruka kutoka mashimoni mwao kwa ajili ya kupandana. Madume hufa muda mfupi baadaye. Jike hutua, huzing'oa mbawa zake mwenyewe, huchimba kishimo na kujifungia humo. Hatoki kutafuta chakula. Huishi kwa kuyeyusha misuli ya mbawa asizokuwa nazo tena, na kwa akiba hiyo hutaga na kuwalea watoto wa kwanza, ambao wakikomaa ndio watakaofungua mlango na kwenda kuokota mbegu. Kuanzia hapo yeye ni malkia wa kichuguu kizima. Ana urefu wa sentimita mbili na kitu, mwekundu na mweusi, na wapenda sisimizi wa Ulaya na Asia walikuwa wakimtamani kiasi cha kutajiwa bei inayofika pauni 170 kwa mmoja.

Aprili 5, 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru, upande wa Naivasha, wakiwa na malkia wapatao 5,000 katika neli 2,244 zilizotiwa pamba. Katika shauri lingine lililokwenda sambamba na hilo, raia wa Vietnam na Mkenya mmoja walikutwa Nairobi na sisimizi mia kadhaa. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilieleza kwamba kwa ufungaji ule sisimizi wangeweza kuishi hadi miezi miwili.

Mwenye kuielewa ile neli ameielewa biashara nzima. Pamba moja huzuia maji chini ili unyevunyevu upande polepole. Pamba nyingine huziba mdomo. Malkia hubaki katikati, gizani, pasipo nafasi ya kugeuka vizuri. Ni kishimo cha bandia. Kile alichopewa na maumbile ili aanzishe ukoo peke yake bila kula, ndicho kilichomfanya awe mzigo mzuri wa posta, kama kiini cha yai kilivyomfanya kifaranga. Ni kweli kwamba hao wa Naivasha hawakukutwa ndani ya bahasha. Walikuwa wangali mikononi mwa waliowakusanya. Lakini soko walilokuwa wakienda kulijaza huagiza kwa simu na kupokea kwa bahasha laini yenye neli ndani yake.

Washtakiwa walikiri makosa, wakasema hawakujua kwamba ni kinyume cha sheria. Wale vijana wawili walijieleza kuwa wafugaji wa kujifurahisha. Mei 7, 2025, katika mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, hakimu Njeri Thuku alikataa maelezo hayo, akaona kwamba idadi ile imevuka mipaka ya burudani. Katika hukumu yake aliwataka wasomaji wafikirie kung'olewa nyumbani kwa nguvu na kupakiwa pamoja na wenzako wengi, kisha akaikumbusha biashara ya utumwa. Wapo waliocheka: mtumwa na sisimizi wapi na wapi? Mimi sikucheka, ingawa nisingelinganisha hivyo. Nililoliona zaidi ni kwamba hakimu aliangalia ufungaji kabla ya kuangalia ukubwa wa kiumbe. Kila mshtakiwa alitakiwa kulipa shilingi milioni moja za Kenya au kutumikia miezi 12 jela.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba sisimizi yule hakuwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 na kuanza kazi 1975. Mfugaji wa Antwerp angeweza kuzipekua orodha zake zote asimwone. Hapo ndipo wengi wanapotegwa. Wanadhani asiye kwenye orodha ya dunia ni halali ya kila mtu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya 2013 haikusubiri orodha hiyo, inataka kibali. Na nyuma ya kibali kuna suala la nani anufaike na viumbe vya nchi, ambalo Itifaki ya Nagoya ya 2010 ilijaribu kuliwekea utaratibu.

Mnunuzi aliye mbali naye asilale usingizi mzito. Marekani ina sheria ya zamani iitwayo Lacey, ya mwaka 1900. Inasema, kwa lugha nyepesi, kwamba mnyama aliyechukuliwa kinyume cha sheria za nchi yake ni haramu kuingizwa, kununuliwa au kuuzwa Marekani, na wadudu na buibui wamo katika maana ya mnyama. Anayejua anachofanya anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Maana yake, kijana wa Ohio aliyelipia malkia wa Gilgil huku akijua alivyopatikana anaweza kushtakiwa huko kwao kwa kuvunjwa sheria ya Kenya, ambako hajawahi kukanyaga.

Tanzania hali ni kali zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasimamia ukamataji, umiliki na usafirishaji, na ile lugha ya mahakamani inayosikika redioni, kupatikana na nyara za serikali, haiishii kwenye meno ya tembo. Makosa ya wanyamapori yanaweza kuunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi, na hapo dhamana huwa safari ndefu. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara waliobaki na wanyama wangefunguliwa dirisha la miezi sita, watu wakapiga kelele, na tangazo likasimamishwa kabla wino haujakauka.

Tuseme basi kijana wa kijijini ameombwa na mtu asiyemfahamu vizuri amkamatie vinyonga kumi. Anawakamata, anawatia kwenye mfuko wa sandarusi uliowekwa majani, mzigo unapakiwa kwenye buti la basi ukiwa na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nene. Dar es Salaam mtu wa pili anaupokea, anahamishia vinyonga kwenye boksi la viatu. Mtu wa tatu ana ndugu anayejua kujaza fomu. Kila mmoja akihojiwa atasema yeye alifanya kidogo tu: mimi nilikamata, mimi nilipokea, mimi niliandika. Na kweli kila mmoja alifanya kidogo. Ila anayekamatwa kwanza ni wa kwanza, kwa sababu namba iliyo kwenye mfuko ni yake, na malipo yake yalikuwa ya nauli na chai. Mwenye soko yuko kwenye mji wenye theluji, anafuatilia mzigo wake kwenye simu.

Nani anaumia zaidi ya hao? Nenda Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Ni msitu mdogo wa mawe ya chokaa, na ndani yake, kwenye miti ya jamii ya mkadi yenye majani marefu ya miiba, anaishi mjusi ambaye duniani hapatikani ila huko na vipande vichache vya misitu ya jirani. Dume ni buluu. Simaanishi buluu ya kufifia ya mijusi wa ukutani; ni buluu ya kanga mpya, shingo nyeusi, tumbo la chungwa. Jike ana kijani cha shaba. Urefu wake ni wa kidole. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi kati ya 32,310 na 42,610, si chini ya asilimia 15 ya mijusi wote waliokuwapo porini wakati huo. Kwa kuwa mjusi hujificha katikati ya majani juu kabisa, njia ya mkato ilikuwa kuukata mti wenyewe. Ukishaukata, mjusi unampata, na nyumba ya mijusi wa kesho umeiangusha.

Mwaka 2012 mjusi huyo alitangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka, na mkutano wa CITES wa Johannesburg wa 2016 ukampandisha kwenye daraja la juu la ulinzi, ule ulioanza kutumika 2017. Wengi wa wanaomfuga Ulaya leo wanasema wa kwao amezaliwa kizimbani. Huenda ni kweli. Bibi yake alizaliwa wapi?

Upo pia upande wa wanaopokea, na hapa mkosaji mkubwa mara nyingine ni mtoto. Mwaka 1966 mvulana mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu wakubwa, wale wale wa Afrika Mashariki tunaowaponda shambani baada ya mvua. Bibi yake akawaachia bustanini. Baada ya miaka saba walikuwa zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kulichukua hadi 1975 na gharama ya kama dola milioni moja. Walirudi tena 2011, wakatangazwa kuisha 2021, na 2022 wakaonekana upya. Kinyonga wa Kenya mwenye pembe tatu naye yuko milimani Hawaii tangu 1972: mwenye duka la wanyama alipokea mzigo wa vinyonga waliochoka na kukauka kwa safari, akawahurumia, akawaachia uani wapate nguvu. Walipata. Leo ni wageni waharibifu wanaokula wadudu na konokono wa asili wa visiwa vile.

Magonjwa nayo hayana haja ya stempu. Aprili 2003 shehena ya wanyama wadogo kama 800 kutoka Ghana ilifika Texas, miongoni mwao panya buku. Waliwaambukiza wanyama wengine wa madukani ugonjwa tunaouita leo mpox, na watu 47 wakahesabiwa kuupata, kwa uhakika au kwa dalili zote. Ule mzigo ulikuwa na karatasi zake, ndiyo maana wachunguzi waliweza kuufuata nyuma hadi ulikotoka. Mzigo ulioandikwa midoli wangeufuata vipi? Ajabu ni kwamba ndugu wa panya buku hao, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, kifua kikuu, na siku hizi hata magamba ya kakakuona na pembe za ndovu zilizofichwa kwenye mizigo.

Linabaki swali la mnyama aliyeokolewa, ambalo magazeti huliacha mara tu picha ya maofisa ikishapigwa. Watu hudhani anarudishwa kwao. Mara nyingi hawezi. Hakuna anayejua alikamatwa mlima gani, na vinyonga wa mlima huu si wa mlima ule. Ameshalala kwenye boksi moja na wanyama wa mahali pengine, na akirudi anaweza kurudi na minyoo au virusi ambavyo msitu wake haujawahi kuvijua. Nauli yake, mtaalamu wake, kizimba chake cha karantini, nani alipe?

Mapema mwaka 2021 maofisa wa forodha wa Austria walitangaza habari ya abiria aliyefika uwanja wa ndege wa Vienna akitokea Tanzania kupitia Ethiopia. Mizigoni mwake mlikuwa na vinyonga 74 wa milima ya Usambara, wengine wakubwa, wengine wa umri wa wiki moja. Walikuwa ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Huyo hakuamini posta, aliwabeba mwenyewe, lakini soksi ni ileile. Thamani yao sokoni ilikadiriwa kuwa euro 37,000 hivi.

Usambara bado kuna bibi ambao wakimwona kinyonga njiani huvuka upande wa pili na kuwavuta wajukuu kwa mkono. Hawampendi, lakini hawamgusi, na kwa muda mrefu kutoguswa huko kulimfaa kuliko mapenzi ya watu wa mbali. Watatu kati ya wale 74 hawakupona. Waliobaki walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Habari yao ilitangazwa Januari, na Vienna mwezi huo ni baridi.